Kiti cha Pili

Kiti cha pili kilikuwa akili yangu mwenyewe, simsingizii mtu. Nilipohamishiwa kwenye kituo cha afya huku juu, upande wa Matombo, nilikuta foleni ya kliniki ya sukari na presha inaanzia mlangoni kwangu inazunguka hadi kwenye tangi la maji. Kila Jumatano kuna waliorudi makwao jioni bila kuonwa. Nikakaa nikatazama muda unapotelea wapi. Mgonjwa akiitwa anainuka polepole, anaaga wenzake wa kwenye benchi, anatafuta fimbo, anaingia, anasalimia, anakaa, anaanza kufungua kitambaa alimofungia daftari lake. Zimeshapita dakika nne na ugonjwa hajautaja. Basi nikaweka kiti kingine humo humo chumbani, ukutani, hatua tatu kutoka mezani. Mmoja anatibiwa, wa pili keshakaa, daftari mkononi. Nikisema "Anayefuata," anahama kiti tu.

Kutoka wagonjwa thelathini nikafika sitini kwa siku. Wakaguzi wa wilaya walipokuja walinisifu mbele ya watu na wakapiga picha viti vyote viwili. Mimi ni Mkaguru wa Gairo, mtoto wa mama muuza karanga. Nimekua nikijifunza kufunga gunia kabla mvua haijafika. Sina subira na maneno marefu, na sikuwahi kuona kama hilo ni kosa. Niliposifiwa nilivimba kichwa, nakiri.

Aliyekataa kunisifu ni Filomena, muuguzi mkongwe, mzaliwa wa milima hii hii, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Jesca, binti yangu," aliniambia siku moja tunafunga dirisha la dawa, "watu wa huku ukiwauliza hali watakwambia wazima. Ukiuliza tena, wazima kidogo. Lile lililowatoa nyumbani wanalisema wakishaaga, wakiwa mlangoni. Sasa wewe mtu akifika mlangoni umeshaanza na mwingine. Tena huyo mwingine ni jirani yake, kakaa pale ukutani anasikia kila kitu."

"Mama Filomena, hapa ni hospitali, si kikao cha harusi," nikamjibu.

Hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda zake.

Kuna jingine lazima nilieleze kabla sijafika kwa mzee. Mwezi wa Ramadhani uliopita nilimkuta Bi Mosi, mgonjwa wa sukari, amefunga. Nilimfokea. Nilimwambia dini yake mwenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge, sasa yeye anamfungia nani, na nilisema kwa sauti ambayo benchi zima la nje lilisikia. Yule mama alilia akiwa kwenye kiti. Tangu siku ile sikupata tena mgonjwa aliyefunga. Kila niliyemuuliza alisema hafungi. Nilidhani nimefanikiwa.

Mzee Mwinjuma alikuwa mgonjwa wangu wa kila mwezi. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, mrefu, mkulima wa ndizi na pilipili manga, anaishi peke yake upande wa juu kabisa, mahali ambapo pikipiki haifiki. Mkewe, Mwamvita, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee alikuwa mtu wa adabu mpaka inachosha. Kila nilichomwambia alijibu neno moja, "Haya," na kabla ya kuondoka lazima aniulizie watu wa kwetu Gairo, ambao hajawahi kuwaona.

Jumatano ile ya mwezi wa saba kulikuwa na baridi na ukungu, na foleni ilikuwa ndefu. Aliingia na kanzu chini ya koti kuukuu. Kwenye kiti cha pili akakaa Bi Shakila, mdogo wa marehemu Mwamvita, naye mgonjwa wa presha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Na kule Gairo hawajambo?"

"Wazima." Nilikuwa nimeshamtoboa kidole. Kipimo kikasoma kumi na sita. Mwezi uliopita kilikuwa tisa. "Babu, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Nipe hizo zilizobaki nizione."

Akafungua leso. Siku zile nilikuwa nawapa vidonge thelathini, nao wanarudi baada ya wiki nne, kwa hiyo vilipaswa kubaki viwili. Nikavihesabu mezani kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa kumi.

"Hivi vinane vya ziada vinafanya nini humu?"

Mzee alitazama vidonge, kisha akatazama ukutani alikokaa shemeji yake. "Vilibaki," akasema.

"Vimebaki kwa nini?"

"Vilibaki tu, mwanangu."

Hapo nikawaka. Nilimwambia kama ameamua kufa aseme, nisipoteze dawa ambazo wenzake wanazililia. Ndivyo nilivyosema, mbele ya Shakila, kwa mtu wa umri wa babu yangu. Shakila akainamisha macho. Nikachukua daftari nikaandika kipimo kipya cha dawa.

"Kuanzia kesho utakunywa viwili, si kimoja. Asubuhi na mapema. Kila siku. Usiruke hata siku moja. Umenisikia?"

"Haya."

"Sitaki haya. Niahidi."

"Nakuahidi, mwanangu. Sitaruka."

Alikuwa mtu wa kushika ahadi, ndilo lililomponza.

"Anayefuata," nikasema, na Shakila akahamia mbele yangu. Mzee akaenda hadi mlangoni. Kisha akarudi. Aliinama karibu na sikio langu, akaegemea fimbo, na kusema kwa sauti ya chini sana.

"Ila mwanangu, mimi nimebakiza siku sita tu. Nilikuwa nakuomba..."

"Tarehe yako ya kurudi imeandikwa kwenye daftari, babu." Sikuinua hata kichwa. Mkono nilikuwa nimeshaunyoosha kupokea daftari la Shakila.

Akasimama kidogo. "Haya," akasema. "Ahsante, mwanangu. Wasalimie Gairo."

Mchana, tukinywa chai, Filomena aliniuliza. "Mzee Mwinjuma nilimwona amerudi mezani kwako. Alitaka nini?"

"Aliuliza tarehe."

Na nikaamini ndivyo ilivyokuwa.

Walimleta Alhamisi, alasiri ya siku ya pili yake. Vijana wanne walimshusha mlimani kwenye machela ya miti na blanketi. Walimkuta amelala shambani, chini ya migomba yake, panga pembeni. Watu walikuwa wamempita tangu adhuhuri wakidhani amepumzika. "Tulijua amefunga," akasema mmoja wao, "tukasema tumwache, mzee atakuwa amechoka."

"Amefunga?" nikauliza. "Amefunga nini mwezi huu?"

"Sunna. Kila Jumatatu na Alhamisi anafunga, ni muda sasa."

Nikamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Iliandika zile herufi mbili inazotoa sukari ikiwa chini kuliko inavyoweza kupima. Nikatafuta mshipa. Tulimwekea dripu ya sukari, tukaiongeza, Filomena amemshika kichwa anamwita kwa Kiluguru. Baada ya muda macho yakafunguka. Yalitutazama, mimi na Filomena, yakahama. Mkono wa kulia haukuinuka. Mdomo ulifunguka ukafungwa bila kitu.

Gari la wagonjwa lilipokuja kumpeleka hospitali ya mjini Morogoro, dereva alinisubiri nijaze fomu ya rufaa. Niliandika umri, ugonjwa, dawa, kipimo. Nikafika pale panapotaka historia ya mgonjwa. Niliandika hivi: "Alimeza dawa akiwa amefunga, bila kutoa taarifa kituoni." Niliandika haraka, kama ninavyoandika kila kitu, na nilipomaliza sikuisoma tena.

Nilipanda gari naye. Ile barabara kwa gari ni mateso hata kwa mzima, na nilikaa nimemshika bega asirushwe. Pale mapokezi alitukuta binti yake, Maimuna, mama wa makamo anayeuza chakula Msamvu karibu na stendi. Alikuja na aproni yake kiunoni, mikono inanukia vitunguu. Alimtazama baba yake, akashika ile fomu, akaisoma yote, maana amesoma vizuri.

"Dada," akaniambia, "hakuwaambia kama anafunga?"

"Hakusema," nikajibu.

Uongo ule niliusema macho makavu. Sikuwa nimekaa chini kupanga kudanganya. Ila neno lilitoka, na likishatoka mbele ya mtoto wa mgonjwa linakuwa kama limegongwa muhuri.

Maimuna aliinama kwenye kitanda cha magurudumu. "Baba! Kwa nini hukuwaambia? Wanakupa dawa kila mwezi, wanakuuliza hali, wewe unawaficha? Unatufanyia nini sisi, baba?" Alikuwa analia na kugombeza pamoja.

Mzee alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akasema neno la kwanza tangu aanguke.

"Haya," akasema.

Halikuwa jibu. Madaktari wa pale walieleza baadaye kwamba ubongo ulikaa saa nyingi bila sukari, sehemu ya usemi imeumia, na hilo ndilo neno pekee lililobaki. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza kama ameshiba, haya.

Nilirudi Matombo kesho yake, nikafunga mlango wa nyumba yangu, nikachukua kalenda ya ukutani. Tangu kliniki ya mwezi wa sita hadi ya mwezi wa saba kulikuwa na Jumatatu nne na Alhamisi nne. Jumla nane. Vile vidonge vinane nilivyovipanga mezani kwa ncha ya kalamu nikavitolea maneno vilikuwa siku zake za kufunga. Yule mzee hakuwa mzembe. Alikuwa na akili kuliko mimi: siku anayofunga hali, kwa hiyo na kidonge hamezi. Alijilinda hivyo mwenyewe, bila kumsumbua mtu, hadi mimi nilipomtia kwenye ahadi. Akala daku, akameza viwili kama nilivyoamuru, akaenda shambani.

Kwa nini asiseme? Nilimkumbuka Bi Mosi analia. Lakini bado kuna kitu sikukielewa. Mtu wa adabu namna ile, anayeitikia kila ninachomwambia, kwa nini ashikilie funga za sunna ambazo hazina lazima? Na zile siku sita alizobakiza ni za nini? Sikuwa na wa kumuuliza, na ukweli ni kwamba sikutaka kuuliza. Nilikaa kimya wiki tano. Jumatano zote tano kiti cha pili kilikuwa pale pale, na niliita "Anayefuata" kama kawaida, ila sauti yangu mwenyewe ilikuwa inanichukiza.

Mwezi wa nane Maimuna alimrudisha baba yake nyumbani. Alifunga biashara Msamvu akahamia mlimani kumwuguza. Akatuma ujumbe kituoni kwamba mzee hawezi kushuka, kama kuna mtu anaweza kupanda kumpima. Filomena alinipa ule ujumbe mkononi.

"Nenda wewe," akasema. "Magoti yangu hayawezi." Magoti yake yanapanda milima kila Jumapili kwenda misa. Nilielewa.

Pikipiki ilinifikisha darajani, nikapanda kwa miguu saa nzima katikati ya migomba. Mzee alikuwa ameketishwa nje kwenye kiti cha mbao, juani, blanketi mapajani, mkono wa kulia umelazwa juu yake.

"Shikamoo, babu."

"Haya."

Nilimpima sukari, nikampima presha. Maimuna aliniletea chai ya mdalasini, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Nilijiandaa kuaga, na mkoba nimeshaufunga, aliposema:

"Dada Jesca, nina jambo. Si la hospitali. Basi tu, sina wa kumwambia."

Nilikuwa nimeshasimama. Nikakaa tena, nikaweka mkoba chini.

"Zile funga za baba hazikuwa sunna," akasema. "Mwalimu Abasi wa madrasa alikuja kumjulia hali, ndiye aliyenifungulia. Mama alipokuwa anakufa alimwambia baba kwamba ana siku za Ramadhani hakuwahi kuzilipa. Za tangu tulipokuwa wadogo, mimi na wenzangu waliofariki, alipokuwa anazaa na kunyonyesha. Aliahirisha, aliahirisha, mpaka akasahau, na mwisho ndipo alipokumbuka. Alimwomba baba asimwambie mtu. Aliona haya, hasa kwa ndugu zake. Baba akamuuliza Mwalimu kama inafaa kumfungia marehemu, akaambiwa inafaa. Akachagua Jumatatu na Alhamisi ili watu wadhani ni sunna."

Nilikumbuka macho ya mzee yalivyokwenda ukutani, kwa Bi Shakila, ndugu wa marehemu, aliyekaa hatua tatu kutoka mezani pangu. Mahali pale nilimweka mimi.

"Nataka nizimalize," Maimuna akaendelea. "Ni mama yangu, na yeye ndiye baba yangu, na kazi yao imekatikia njiani. Lakini sijui zilibaki ngapi. Mwalimu hajui, hakuuliza idadi. Baba ndiye aliyekuwa anahesabu kichwani mwake. Nimemuuliza, nimemwonyesha vidole. Nikisema tatu anasema haya. Kumi, haya. Thelathini, haya. Usiku nasikia analia peke yake, na najua ni hilo. Mwalimu amesema kwa kuwa hatujui, tukadirie. Lakini nikikadiria, baba atajuaje kwamba zimeisha?"

Chai ilikuwa inapoa mkononi mwangu. Nilijua idadi. Katika dunia nzima nilikuwa mimi peke yangu ninayeijua. Na nikiisema, lazima niseme nimeitoa wapi. Nikinyamaza, nashuka mlima, hakuna atakayejua kamwe. Mzee hawezi kunishitaki, Shakila hakusikia, na kwenye fomu nimeandika mwenyewe kwamba hakutoa taarifa. Nilimtazama yule mzee. Nilifikiria kwamba angekuwa na uwezo wa kusema, mpaka leo angekuwa anangoja nimalize shughuli zangu ndipo aseme.

"Zilibaki sita," nikasema.

Maimuna akageuka. "Umesema?"

"Siku sita. Aliniambia mwenyewe, Jumatano ile, siku moja kabla hajaanguka."

"Alikwambia?"

"Aliinuka kuondoka, akarudi. Aliinama akaniambia, mimi nimebakiza siku sita tu, nilikuwa nakuomba. Hapo ndipo nilipomkatisha. Nilimwambia tarehe iko kwenye daftari. Nadhani alitaka kuniomba kile kipimo kipya kingoje mpaka azimalize. Sijui, kwa sababu sikumwacha aseme. Na kabla ya hapo nilikuwa nimemwahidisha asiruke dawa hata siku moja. Alikuwa anaruka siku za kufunga, mimi nikamkataza."

Kwa mbali, bondeni, kulikuwa na mtu anakata mti kwa shoka.

"Mliandika hakutoa taarifa," Maimuna akasema.

"Niliandika mimi."

"Nilimgombeza." Sauti yake ilikuwa ndogo sasa, ilinitisha kuliko kama angepiga kelele. "Hawezi kusema, hawezi kujitetea, amelala pale, nikamgombeza mbele ya watu kwamba amewaficha. Kwa karatasi yako. Na wewe umesimama pembeni unaniangalia."

"Ndiyo."

Akanyanyuka akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mzee. "Baba," akasema, "zilikuwa sita?"

Nilingoja lile neno. Yeye pia alilingoja, nilimwona. Mzee Mwinjuma hakusema haya. Aliinua mkono wa kushoto, akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mara ya kwanza tangu aanguke alikuwa amepata jibu la kutoa, na alilitoa kwa kulia. Maimuna alimkumbatia magoti wakalia wote wawili. Mimi nilikaa na kikombe changu, na sikustahili kulia pale, lakini nililia.

Baadaye Maimuna aliingia ndani akatoka na lile daftari la kliniki, bado limefungwa kwenye leso ya mzee.

"Iandike," akasema. "Kama ulivyoniambia. Kwa mwandiko wako."

Nikafungua ukurasa wa Jumatano ile. Chini ya amri yangu ya vidonge viwili niliandika: "Siku hii mgonjwa alirudi mezani kutoa taarifa kwamba amebakiza siku sita za kufunga. Hakusikilizwa." Nikaweka jina langu kamili na sahihi. Ilinichukua muda, sijawahi kuandika polepole namna ile. Maimuna aliisoma mara mbili, akamsomea baba yake kwa sauti, akalifunga daftari kwenye leso.

"Sasa nenda," akaniambia.

Jumatatu nilimpeleka mganga mkuu wa wilaya barua yenye maneno hayo hayo, na nakala nikaipeleka hospitali ya mjini iambatanishwe na faili la mzee. Niliitwa nikahojiwa, nikapewa onyo la maandishi, nalo ni haki yangu. Jumatano kabla ya kliniki nilibeba kile kiti nikakitoa nje, nikakiweka mwisho wa benchi. Siku ile niliona wagonjwa thelathini na tano. Wengine walinung'unika, walikuwa wameshazoea mwendo. Wilaya wakapiga simu kuuliza takwimu zimeshuka kwa nini. Bi Mosi alipoingia alikuta mlango umefungwa na mimi peke yangu ndani, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba si yake. Tulipomaliza aliaga, akafika mlangoni, akashika kitasa. Niliweka kalamu chini. Alisimama pale kwa muda, kisha akafungua mlango akaenda. Hakuniamini bado, na simlaumu.

Wiki tatu zikapita sijasikia chochote kutoka mlimani. Kisha Alhamisi moja asubuhi Bi Shakila alipita kituoni akaniambia kwamba Maimuna ameniita, nifike kabla ya magharibi. Hakusema zaidi.

Nilipofika jua lilikuwa linazama nyuma ya milima na mzee amekalishwa mahali pale pale. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na juu yake kulikuwa na maji, tende, uji wa pilipili manga, na sahani ya ndizi za nazi. Maimuna midomo ilikuwa imemkauka. Alikuwa amezifunga kama baba yake, Jumatatu na Alhamisi. Hatukusalimiana sana. Nilisimama pembeni ya mkeka, sikujua nikae au nisikae.

Adhana ikapanda kutoka bondeni. Maimuna alinyanyua mikono akaomba, akataja jina la mama yake, Mwamvita, kwa sauti ya kusikika. Akala tende moja, akanywa maji. Kisha akachukua tende nyingine, akaitoa kokwa, akamega kipande akamtia baba yake mdomoni.

"Baba, hii ndiyo ya sita," akamwambia. "Zimeisha."

Mzee alitafuna polepole, macho kwa binti yake. Maimuna alimfuta kidevu. Ndipo aliponigeukia.

"Sijakusamehe, dada Jesca," akasema. "Nikikusamehe nitakwambia. Lakini kaa ule, umetoka mbali."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani karibu na miguu ya mzee. Alinitazama. Mdomo wake ulifunguka, ukatafuta kitu, ukafungwa, ukafunguka tena. Maimuna alitaka kumsaidia, nikamshika mkono kumzuia. Tulingoja. Giza lilianza kuingia kwenye migomba na uji ukapoa.

"Haya," akasema mwishowe.

"Ndiyo, babu," nikamjibu. "Gairo wote hawajambo."